Niliupima mto nikiwa chini ya mwembe

Naomba nianze kwa kukiri, maana dhambi ikikaa sana moyoni huota mizizi. Mwaka 1997, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu, niliwahi kupima mto bila kuuona. Nilipata upana wake, kina chake, kasi yake na hata wadudu wake. Vyote hivyo nilivipata nikiwa nimekaa chini ya mwembe, nimevua viatu, mkononi nina kipande cha chungwa.

Usicheke kwanza, msomaji wangu. Ngoja nikupe mkasa wenyewe.

Sisi tuliokuwa tunasoma mambo ya misitu, ardhi na maji tulikuwa na kitu kinaitwa fildi. Wenzetu wa sheria na biashara walikuwa wanakwenda kukaa kwenye ofisi zenye feni, wanarudi wananukia manukato. Sisi tulikuwa tunapakiwa kwenye lori pamoja na ndoo, kamba, majembe na magunia ya mchele. Ukiulizwa na masista duu wa chuo unakwenda fildi wapi, ukisema "mtoni", basi umeshaharibu. Hakuna atakayekuandikia barua.

Mwaka huo zamu yetu ilikuwa Korogwe na Handeni, mkoani Tanga. Chuo chenyewe sikitaji, maana kosa lilikuwa langu na si la chuo. Bumu lilikuwa limekwisha siku nyingi. Enzi hizo za Rais Mkapa, kukosa pesa vijana tulikuita ukapa, na sisi ukapa ulikuwa umetukaba hadi shingoni. Tulikuwa tunategemea wali wa chuo na huruma ya wenyeji.

Mimi ni mtoto wa Ilala. Maji niliyoyajua ni ya bomba, na bomba lenyewe la jirani. Kwa hiyo tulipoteremka Korogwe na kuuona Mto Pangani ukipita pale, mpana, wenye rangi ya chai ya maziwa, nilisimama nikaduwaa. Mwalimu wetu, mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya pama, akanigonga begani.

"Unaangalia mwisho wa hadithi," akaniambia. "Twende tukaangalie mwanzo."

Kesho yake akatupandisha milimani, upande wa Usambara, mpaka miguu ikatetemeka. Juu ya kilele akatusimamisha, akamwaga maji ya chupa kwenye mwamba. Mengine yakateremkia kulia, mengine kushoto. "Mto hauanzii mtoni," akasema. "Unaanzia hapa, tone linapoamua liende upande gani. Ardhi yote inayopeleka matone yake mto mmoja, hilo ndilo bonde la mto huo. Ukikata miti hapa, wa kule chini atajua."

Akatuonyesha kwa fimbo. Pangani inakusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, yanakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Kisha mto unateremka, unapokea Mkomazi, na ukifika maeneo ya Korogwe unapokea Luengera. Halafu unakwenda kuzungusha mitambo ya umeme pale Hale, ndipo unaingia baharini penye mji wa Pangani. Njiani kote huko kila mtu ana ndoo yake: mkulima wa mpunga, shamba la mkonge, Tanesco, mvuvi, mama anayefua.

Siku za kwanza nilizifurahia, sitaki kudanganya. Tulikuwa watu wanne kwenye kundi letu, wavulana watatu na dada mmoja mkimya ambaye daftari lake lilikuwa safi kama la mwalimu. Mimi nilichaguliwa katibu kwa sababu ya mwandiko mzuri. Laiti wangejua.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupima maji yanayopita. Unatafuta sehemu ya mto iliyonyooka, unanyoosha futi kamba mita 10 kando yake. Unapima upana. Unaingia majini na fimbo yenye alama, unapima kina mara tano au sita, unatafuta wastani. Halafu mmoja anatupa chungwa juu, mwingine anasimama chini na saa ya kuhesabia sekunde.

Kwa nini chungwa? Kwa sababu linaelea huku sehemu kubwa imezama, hivyo upepo haulisukumi ovyo. Ukichagua lililogeuka njano utaliona kirahisi. Na likipotea huna haja ya kulia, maana Tanga machungwa ni mengi kama kokoto.

Mto wa kwanza, uliokuwa unatoka milimani, ulikuwa na upana wa mita 4 na kina cha wastani sentimita 25. Chungwa lilikwenda mita 10 kwa sekunde 25. Unazidisha upana kwa kina kwa kasi, halafu unazidisha tena kwa 0.85, kwa sababu maji ya juu yanakimbia kuliko yale ya chini yanayosuguana na mawe. Tukapata lita 340 kwa sekunde, yaani ndoo 17 za lita 20 kila unapokonyeza jicho. Nakwambia nilijiona injinia.

Kazi ya pili ilikuwa wadudu. Unageuza jiwe ndani ya maji, unashika wavu kwa chini, unakusanya kila kinachotembea. Pale mlimani tulipata vidudu bapa vyenye mikia mitatu myembamba kama nyuzi, na vingine vilivyojijengea nyumba za changarawe kama mafundi waashi. Mwalimu akafurahi. "Hawa hawaishi penye uchafu," akasema. "Mashahidi wazuri. Maji uliyoyapima saa nne yanaweza kuwa safi, kumbe usiku yalikuwa sumu. Lakini mdudu alikuwepo usiku."

Mto wa pili tuliupima chini ya mashamba ya mkonge. Unajua jani la mkonge likisagwa, nyuzi zinazopatikana ni kama asilimia 4 tu au pungufu. Sehemu yote iliyobaki ni maji machachu na makapi, na yakiingia mtoni yanakula hewa iliyomo ndani ya maji. Pale wale wenye mikia mitatu hatukuwaona kabisa. Tulipata funza wekundu kama damu, wale wanaovumilia popote. Hata bila kunusa, mashahidi walikuwa wameshatoa ushahidi.

Halafu tukahamia Handeni.

Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 hivi. Siku hizi lami, wakati ule vumbi tupu, tukafika tumekuwa wekundu wote. Lakini kilichonishangaza si vumbi. Kilichonishangaza ni kwamba kwa mwendo huo mfupi tu tulikuwa tumeingia dunia nyingine. Kule tuliacha mto unaunguruma, huku watu wanapishana njiani na baiskeli zilizofungwa madumu manne manne. Mvua za vuli za 1996 zilikuwa zimekataa, na nchi ilikuwa na njaa. Makorongo ya Handeni, mengi yake yanayoelekea mto Msangasi, ni ya msimu. Mvua ikinyesha yanafoka, ikikata yanabaki mchanga.

Maji ya bomba yalikuwepo kwa baadhi ya watu. Mradi wa HTM, uliojengwa miaka ya 1970, ulikusudiwa kuyavuta maji ya Pangani hadi Handeni. Lakini kijiji tulichofikia bomba halikuwa limekifikia. Tukalala kwenye darasa la shule ya msingi, na mama mmoja wa jirani akawa anatupikia. Kila jioni tulikuta ndoo moja ya maji mlangoni, watu wanne tuoge. Sikujiuliza imetoka wapi. Kwangu maji yalikuwa maji.

Mto wetu wa tatu ulikuwa korongo lililo magharibi ya kijiji, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, jua kali kama limetumwa. Na jioni kulikuwa na disko mjini Handeni, na jamaa wa gari la chuo alikuwa ameahidi kutupeleka tukiwahi kurudi.

Tulichapa lapa kama saa moja hivi. Tukakuta mwembe. Tukakaa.

Mmoja akasema, "We bwana, si mto tu? Mito yote si sawa?"

Mwingine akamenya chungwa. Ndiyo, lile lile la kupimia. Tukala yote sita.

Nikafungua daftari. Nikawaza: Handeni ni kame, basi tuseme mto ni mdogo. Upana mita 1.8. Kina sentimita 12. Chungwa sekunde 55, tena 55 inaonekana ya kweli kuliko 50. Wadudu nikachukua wa mto wa pili, nikapunguza kidogo. Tulikuwa tunaita hiyo kupika data, na siku ile mpishi nilikuwa mimi.

Yule dada akaniangalia. "Kwa nini usiandike kwamba hatukufika?"

"Sista, utatupa sapu wote," nikamjibu.

Akanyamaza. Jioni hakwenda disko. Sisi tulikwenda, na ngoma zilikuwa bomba, sitaki kusema uongo mwingine tena.

Jumatatu ikawa siku ya kufunga kazi. Mwalimu wetu alikuwa na tabia moja ambayo hatukuitegemea. Matokeo hakuyabeba kwenda nayo chuoni tu, aliitaka kila kundi liyasome mbele ya wanakijiji, kwa Kiswahili, chini ya mti wa mkutano. "Mmepima maji yao," alisema. "Warudishieni hesabu yao."

Na hapo ndipo nilipojua kitu ambacho ningekijua mapema kama ningekuwa nauliza. Kijiji kilikuwa kimechanga pesa za kuchimba kisima kimoja. Kimoja tu. Walikuwa wanabishana miezi kadhaa wachimbe karibu na korongo la mashariki au la magharibi. Walikuwa wanatusubiri sisi wasomi tuamue.

Nikasimama. Nikasoma kwa sauti ya kutosha. Korongo la magharibi lina maji yanayotembea, lita 33 kwa sekunde, hali ya wadudu ni ya wastani.

Minong'ono ikapita. Mwenyekiti wa kijiji akapiga makofi. "Basi jibu tumelipata," akasema. "Kisima kiende magharibi."

Nyuma, upande wa akina mama, mtu akasimama. Alikuwa yule yule mama aliyekuwa akitupikia.

"Mwanangu," akaniambia, wala si kwa ukali, "hayo maji uliyaona lini?"

Nikasema, "Shikamoo mama. Jumamosi."

"Marahaba. Jumamosi mimi nilikuwa huko tangu alfajiri. Maji uliyoogea jioni ndiko nilikoyatoa. Sikukuona wewe, na huo mto unaotembea sikuuona. Nimefukua mchanga mpaka kwapani." Akakunja mkono wa kitenge, akauonyesha. "Labda kuna korongo jingine."

Msomaji, umewahi kutamani ardhi ipasuke? Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningepona. Watu mia na zaidi waliniangalia tu, kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyevunja chungu.

Mwalimu hakupiga kelele. Aliandika kitu kwenye daftari lake, akaomba radhi kwa kijiji, akasema uamuzi wa kisima usubiri siku mbili. Halafu akatugeukia. "Kesho saa kumi alfajiri mtakuwa mlangoni kwa mama huyu. Mkiwa na saa."

Tukawa mlangoni. Alitukuta tunatetemeka kwa baridi na aibu, akatupa kila mmoja ndoo. Njia nzima hakuzungumzia habari ya jana. Alituuliza kwetu ni wapi, mama zetu wazima, tumekula nini.

Tulipofika, korongo lilikuwa barabara ya mchanga. Mto wangu wa mita 1.8 haukuwepo. Mama akatembea mpaka mahali ambapo mwamba unakatiza korongo kama kizingiti cha mlango, karibu na mkuyu mkubwa.

"Mchimbe juu ya jiwe," akasema. "Msichimbe chini yake. Maji yanatembea ndani ya mchanga, yakifika kwenye jiwe yanazuiwa. Na mkuyu hauoti mahali pasipo na kinywaji."

Mwalimu, aliyekuwa ametufuata kimya kimya, akavua kofia. Alikuwa ametufundisha hicho kitu darasani kwa saa mbili, kwa michoro na maneno ya Kiingereza, na hakuna hata mmoja aliyekielewa. Mama alikimaliza kwa pumzi moja.

Tukachimba. Maji yakaanza kutoka jasho jasho. Mama akawa anachota kwa kopo, anasubiri, anachota tena. Mwalimu akaniambia bonyeza saa. Ndoo ya kwanza ya lita 20 ilijaa kwa dakika 40.

Nikaagizwa nipige hesabu pale pale, juu ya mchanga. Kwa lita zangu 33 kwa sekunde, katika dakika zile 40 ambazo mama alijaza ndoo moja, karatasi yangu ilikuwa imejaza ndoo elfu nne. Ndoo elfu nne za maji ambayo hakuna mtu angeyanywa. Na kijiji kilikuwa karibu kutoa pesa zake kuyafuata.

Nikambebea mama ndoo mpaka nyumbani. Ilikuwa saa mbili za kwenda na zaidi ya saa mbili za kurudi, nusu ya maji yakaishia kwenye shati langu. Yeye ya kwake haikumwagika hata tone. Ndipo nilipoelewa ile ndoo ya jioni ilikuwa nini. Tulikuwa tumeoga asubuhi nzima ya mtu.

Nilikwenda kumwomba radhi. Akasema, "Umri utakufunza." Halafu akaniuliza kama nimeshiba.

Sapu nililipata, na nilistahili. Kijiji kilikaa tena, safari hii na mama akizungumza na mwalimu akiandika. Wakaamua kuchimba magharibi vile vile, lakini juu ya kile kizingiti cha mwamba, mahali alipopaonyesha mama. Yaani hata pale nilipopatia, nilipatia kwa bahati, na kwa mita mia kadhaa za makosa. Na kama unataka kujua kama yule dada wa kundi letu nilimwoa, hapana. Aliolewa na mtu anayesema ukweli.

Kisha mwisho wa mwaka huo zikaja mvua za El Niño. Nilisikia kutoka kwa jamaa wa huko kwamba korongo lile lilifoka, likapita na miti. Lita zangu 33 zingekuwa mate tu mbele yake. Nilipenda kujitetea kwa hilo zamani, kwamba mbona mto ulikuja? Siku hizi naona ndilo funzo lenyewe. Mto hauna namba moja. Una ya Agosti na una ya Desemba, una ya mwaka wa njaa na una ya mwaka wa gharika. Ndiyo maana anayepima huandika tarehe, na hurudi tena.

Leo mambo yamebadilika. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha mfumo uitwao TARISS, wa kuipa mito ya Tanzania alama kwa kuwaangalia wadudu wake, ukitokana na ule wa Afrika Kusini. Kila familia ya wadudu ina alama yake kufuatana na inavyovumilia uchafu. Wale wetu wenye mikia mitatu sasa wana daraja linalotambulika. Na Juni 6, 2022 ilisainiwa mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, kwa mkopo wa Dola milioni 500 kutoka India. Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo.

Ni habari njema, na mimi huwa nazifuatilia kuliko mpira. Lakini bomba haliumbi maji, linayahamisha tu. Kinachoingia kwenye bomba ni kile ambacho vijito vya juu vimekiacha, na habari za vijito hivyo zinaletwa na kijana fulani mwenye daftari, njaa na hamu ya kuwahi disko.

Kijana huyo ndiye ninayemwandikia leo. Najua siku hizi una simu, na simu inapika data haraka kuliko mimi na kalamu yangu. Najua jua ni kali, posho imechelewa, na mwembe una kivuli. Kaa, pumzika, kula machungwa.

Lakini moja libakize la kutupa mtoni. Na kama hukufika, andika kwamba hukufika. Kuna mtu anaamka saa kumi kwenda kulipa ulichoandika.